Picha Inapokwama Kwenye Doki

Doki ni kisanduku kinachoiunganisha kompyuta mpakato na vifaa vya mezani kwa kebo moja: monita mbili au tatu, kibodi, kipanya, intaneti ya waya na umeme wa kuchajia. Mfanyakazi huja na laptopu yake begani, akachomeka kebo hiyo, na meza nzima ikaamka. Siku meza inapogoma, monita zikabaki nyeusi huku zikidai kwamba hakuna ishara inayoingia, mshukiwa wa kwanza huwa draiva ya kadi ya michoro. Mara nyingi tuhuma hiyo ni ya haki. Mara nyingi vilevile draiva husingiziwa, na mtu akamaliza nusu siku akifuta na kusakinisha programu zisizohusika, ilhali kosa liko kwenye kebo iliyoazimwa kutoka chaja ya simu.

Kadi ya michoro ni ile chipu inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, na draiva yake ni programu inayouwezesha mfumo endeshi, kama Windows au Linux, kuiamuru chipu hiyo. Jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui ni kwamba ndani ya doki za kawaida hamna kadi ya michoro. Kadi iko ndani ya laptopu. Doki hupokea picha iliyokwisha kuchorwa na kuigawa kwa monita. Viko visanduku maalumu vinavyobeba kadi nzima nje ya laptopu, vinavyopendwa na wacheza gemu na wahariri wa video, lakini hivyo ni vifaa vingine na bei yake ni nyingine. Kwa hiyo anayeperuzi intaneti akitafuta draiva ya michoro ya doki mara nyingi anatafuta kitu kisichokuwepo, na bando linakwisha. Swali lenye faida ni hili: picha inachorwa na nani, na inapita njia gani hadi kufika kwenye monita? Likijibiwa hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni ya moja kwa moja kupitia tundu la USB-C. Mwaka 2014, VESA, jumuiya inayosimamia viwango vya skrini duniani, ilitangaza utaratibu unaoruhusu baadhi ya waya za USB-C kubeba mawimbi ya DisplayPort yakiwa vilevile kama yalivyotoka kwenye kadi ya michoro. Doki ya namna hii haichori wala haibadilishi kitu. Ina chipu ya kuugawa mkondo mmoja wa picha uwe mikondo miwili au mitatu, kazi iliyowezeshwa na kiwango cha DisplayPort 1.2 cha mwaka 2010 na inayojulikana kwa kifupisho MST. Doki ya Dell WD19 na zile za Lenovo ziitwazo ThinkPad USB-C Dock ziko katika kundi hili. Draiva inayohusika hapa ni ya kadi ya michoro ya laptopu, basi.

Njia ya pili ni Thunderbolt. Thunderbolt 3, iliyotoka mwaka 2015, hutumia plagi ileile ya USB-C lakini hupitisha gigabiti 40 kwa sekunde, na ndani ya kebo moja hubeba picha pamoja na mawasiliano ya ndani kabisa ya kompyuta, yale ambayo zamani yalibaki kwenye ubao mama. Picha bado inachorwa na laptopu, ila kati yake na monita pana kidhibiti cha Thunderbolt chenye programu yake na masharti yake ya usalama.

Njia ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi. Kampuni ya DisplayLink, iliyoanzia Cambridge nchini Uingereza mwaka 2003 na kununuliwa na Synaptics mwaka 2020, ilibuni namna ya kupitisha picha kwenye USB ya kawaida, hata lile tundu la zamani la mstatili ambalo halikuumbwa kwa ajili ya skrini. Programu iliyo ndani ya laptopu huichukua picha iliyokwisha kuchorwa, huibana, huituma kama data nyingine yoyote, na chipu iliyo ndani ya doki huifungua tena na kuipeleka kwenye monita. Hapa, na hapa tu, ndipo doki inapohitaji draiva yake yenyewe ya picha. Bila programu hiyo monita hazitawaka hata laptopu iwe mpya kutoka kiwandani. Dell D6000 ni mfano unaojulikana, na Lenovo nayo ina doki za aina hiyo.

Kuitambua doki iko kundi gani si kazi kubwa. Namba ya modeli huwa imechapishwa kwenye lebo ya chini, na ukurasa wa mtengenezaji husema wazi. Lipo pia jaribio lisilohitaji intaneti: laptopu inawashwa ikiwa tayari imechomekwa kwenye doki. Nembo ya mtengenezaji ikitokea kwenye monita ya nje kabla Windows haijapanda, picha inapita moja kwa moja, kwa sababu DisplayLink haiwezi kufanya kazi kabla mfumo endeshi haujapakia draiva yake. Nembo isipotokea, jaribio halijathibitisha lolote, maana baadhi ya laptopu huanza na skrini yao ya ndani pekee.

Kabla ya kugusa draiva yoyote, doki hutolewa kwenye mlolongo. Monita huchomekwa moja kwa moja kwenye tundu la HDMI la laptopu. Picha ikikataa hapo pia, doki haina hatia na macho yanageukia monita, kebo yake au kadi ya michoro. Picha ikikubali, tatizo limebanwa kati ya tundu la USB-C, kebo ya doki, doki yenyewe na programu zinazoihudumia. Ni hatua ya dakika mbili, na inashangaza ni mara ngapi hurukwa.

Kebo ya doki inastahili kuchunguzwa kuliko inavyochunguzwa. Plagi za USB-C zote zinafanana, lakini kebo zenyewe ni tofauti kabisa. Kebo kamili ina jozi nne za waya za kasi. Kebo nyingi za kuchajia simu hazina hata jozi moja ya hizo, zina waya za umeme na zile za USB 2.0 zenye kasi ya megabiti 480 tu. Doki iliyounganishwa kwa kebo ya simu hutoa dalili ya pekee: laptopu inachaji, kipanya kinasogea, kibodi inaandika, lakini monita ziko gizani. Fundi anayeijua dalili hiyo hafungui hata orodha ya madraiva. Tundu la laptopu nalo lina siri zake. Baadhi ya matundu ya USB-C ni ya data na chaji peke yake. Tundu linalotoa picha mara nyingi huwa na alama ya DisplayPort, yaani herufi D inayokumbatia P, na la Thunderbolt huwa na alama ya radi. Lisilo na alama yoyote linahitaji kuthibitishwa kwenye kijitabu cha mashine.

Hatua inayofuata ni kuwasha upya, na hapa Windows ina mtego. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuizima kompyuta si kuizima kweli pale kipengele cha Fast Startup kinapofanya kazi: kiini cha mfumo pamoja na hali ya madraiva huhifadhiwa kwenye diski, na mashine ikiwashwa hurudishwa vilevile. Anayesema kwamba amezima na kuwasha mara kadhaa bila nafuu huenda amekuwa akirudisha draiva ileile katika hali ileile mbovu. Amri ya kuanzisha upya, ile ya Restart, ndiyo inayopakia kila kitu kutoka mwanzo. Doki nayo ina kompyuta ndogo ndani yake inayoweza kukwama. Huchomolewa umeme na kebo zote, ikaachwa nusu dakika hivi, kisha umeme ukarudishwa kwanza, monita zikafuata, na laptopu ikachomekwa mwisho.

Baada ya hapo yanakuja malalamiko ambayo husemwa ni ya draiva kumbe ni ya hesabu. Monita moja ya nukta 1920 kwa 1080 inayochorwa mara 60 kwa sekunde inahitaji zaidi kidogo ya gigabiti 3 kwa sekunde. Monita ya 4K kwa kasi hiyo inahitaji takriban 12.5. Doki ya USB-C inayotaka kubeba picha pamoja na data ya kasi ya USB 3 huzigawa zile jozi nne za waya: mbili kwa picha, mbili kwa data. Katika kiwango cha DisplayPort 1.2, jozi mbili hupitisha picha ya takriban gigabiti 8.6, yaani monita mbili za kawaida bila shida, au 4K moja inayochorwa mara 30 tu kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kipanya huonekana kikiburuta miguu, na mtumiaji huapa kwamba draiva imeharibika. Kwa DisplayPort 1.4 ya mwaka 2016 uwezo wa jozi mbili hufika karibu gigabiti 13, na 4K ikapita kwa kasi yake kamili, alimradi laptopu nayo iwe ya kiwango hicho. Kadi za michoro za Intel zilizo ndani ya laptopu nyingi za kabla ya 2019 zimeishia DisplayPort 1.2. Ndiyo maana doki moja hutoa picha laini kwa laptopu ya jirani na picha nzito kwa laptopu ya mwenzake, na hakuna sasisho la draiva litakaloondoa tofauti hiyo. Kinachoweza kusaidia ni kupunguza idadi ya nukta, au kutumia Thunderbolt ikiwa laptopu na doki zote mbili zinayo.

Hesabu nyingine ni ya idadi ya skrini. Kadi hizohizo za Intel za miaka ya 2012 hadi 2019 huhudumia skrini tatu kwa wakati mmoja, na skrini ya laptopu yenyewe inahesabiwa. Monita ya tatu ya nje ikikataa kuwaka, hufunikwa kifuniko cha laptopu huku Windows ikiwa imepangiwa kuendelea kufanya kazi. Ikiwaka, jibu limepatikana.

Kebo, tundu na hesabu vikishaondolewa lawama, zamu ya draiva imefika. Kwenye Windows uchunguzi huanzia Device Manager, orodha ya vifaa vyote vya kompyuta, katika fungu la Display adapters. Jina linaloonekana hapo linaeleza mengi. Likiwa Microsoft Basic Display Adapter, laptopu haitumii draiva halisi kabisa; Windows imeweka ile ya dharura inayojua kuonyesha picha kwenye skrini moja na si zaidi. Hali hii huonekana sana kwenye mashine zilizowekewa Windows upya na fundi aliyeishia kwenye usakinishaji bila kuweka madraiva. Doki haiwezi kupata monita ya pili kutoka kwa draiva hiyo kwa njia yoyote. Alama ya mshangao ya manjano pembeni ya kifaa hufuatana na namba ya kosa: 28 ina maana draiva haijasakinishwa, na 43 ina maana kifaa chenyewe kimeripoti tatizo na Windows imekisimamisha. Kwa 28, dawa ni kusakinisha. Kwa 43, huanzwa kwa kuisafisha draiva na kuiweka upya, ila ubovu wa chipu huwa ni uwezekano wa kweli.

Swali la wapi pa kupata draiva lina majibu matatu, na si sawa kwa uzito. Windows Update huleta draiva yenyewe bila kuombwa. Ni rahisi, lakini wakati mwingine huleta toleo lililo nyuma au huifunika draiva nzuri iliyokuwepo. Watengenezaji wa chipu, yaani Intel, AMD na NVIDIA, hutoa matoleo mapya mara kwa mara, yakiwa na marekebisho ya hivi karibuni. Mtengenezaji wa laptopu, kama HP, Dell au Lenovo, hutoa toleo ambalo kwa kawaida limechelewa lakini limejaribiwa kwenye modeli hiyohiyo, mara nyingi pamoja na doki zake. Kwa laptopu ya ofisi iliyo kwenye doki, toleo la mtengenezaji wa laptopu ndilo la kuanzia. Upya wa draiva ni hoja ya wacheza gemu. Kwa mhasibu mwenye monita mbili, draiva ya mwaka jana inayofanya kazi ina thamani kuliko ya wiki hii. Ukubwa wa faili nao si wa kupuuza, kwani furushi moja la NVIDIA hupita megabaiti 500.

Tatizo likianza siku moja baada ya sasisho, kurudi nyuma ni bora kuliko kusonga mbele. Katika Device Manager, kwenye sifa za kadi husika, kuna kitufe cha Roll Back Driver kinachorudisha draiva iliyotangulia. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, Windows haina nakala ya zamani, na draiva ya awali hupakuliwa kwa mkono. Usakinishaji unaorudiwa juu ya mabaki ya ule wa kwanza hushindwa mara nyingi, hasa laptopu ikiwa imepita mikononi mwa watu kadhaa. Hapo mafundi hutumia programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller, inayoendeshwa Windows ikiwa katika hali salama ya Safe Mode, kufagia draiva ya michoro na mabaki yake yote. Intaneti hukatwa kabla ya kazi hiyo; isipokatwa, Windows Update huwahi kuleta draiva yake kabla ya ile iliyokusudiwa.

Laptopu zenye kadi mbili za michoro zinataka uangalifu wa ziada. Tangu NVIDIA ilipoleta mfumo wa Optimus mwaka 2010, laptopu nyingi zenye nguvu zina kadi ndogo iliyo ndani ya prosesa kwa kazi nyepesi na kadi kubwa kwa kazi nzito. Tundu la USB-C limeunganishwa na mojawapo, na chaguo hilo hufanywa kiwandani, modeli hadi modeli. Tundu likiwa limeunganishwa na kadi ya NVIDIA, monita za doki zitazimika kila draiva ya NVIDIA inapoharibika, hata kama skrini ya laptopu inaendelea kung'aa kwa sababu yenyewe inahudumiwa na Intel. Ni hali inayomfanya mtu aape kwamba kadi yake ni nzima na doki ndiyo mbovu. Mtu akizima kadi kubwa ili kuokoa betri, hufikia palepale. Paneli ya udhibiti ya NVIDIA ina mchoro unaoonyesha ni skrini ipi imeunganishwa na kadi ipi, na baadhi ya laptopu zina chaguo katika BIOS, programu inayoiwasha mashine kabla ya mfumo endeshi, la kuipeleka kazi yote ya picha kwenye kadi moja.

Kuna pia picha inayokuja na kutoweka: monita zote hufifia kwa sekunde moja, hurudi, na kazi huendelea kama hakuna kilichotokea. Tangu Windows Vista, mfumo huipa kadi ya michoro sekunde mbili kujibu. Ikikaa kimya zaidi, Windows huiangusha draiva na kuianzisha upya. Tukio hilo huandikwa katika Event Viewer, daftari la matukio la mfumo, kwa namba 4101. Kupepesa kukilingana kwa saa na tukio la 4101, mkosaji ni draiva au kadi yenyewe, pengine kwa joto. Picha ikipepesa huku daftari likiwa tupu, kebo au umeme wa doki ndio wa kushukiwa. Mtumiaji naye anaweza kuiamsha draiva iliyolala kwa kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B; skrini hukatika kidogo, mlio husikika, na hakuna faili lililo wazi linalopotea.

Kwa doki za DisplayLink mambo yana mpangilio mwingine. Windows 10 na 11 zikiwa na intaneti mara nyingi hujiletea draiva hiyo zenyewe punde doki inapochomekwa. Ofisini, ambako kompyuta zimefungiwa masasisho au mtumiaji hana mamlaka ya kusakinisha, hilo halitokei, na doki hubaki ikichaji tu. Kwa kuwa picha ya DisplayLink huandaliwa kwanza na kadi ya michoro ya laptopu, draiva ya kadi ikiyumba DisplayLink nayo huyumba. Kwa hiyo ya laptopu hutengenezwa kwanza, ndipo ya DisplayLink ikafuata. Zote mbili zikionekana nzima lakini monita zikagoma baada ya sasisho kubwa la Windows, DisplayLink huondolewa yote, kompyuta huanzishwa upya, na toleo jipya husakinishwa doki ikiwa imechomolewa. Kubana picha ni kazi ya prosesa, kwa hiyo kuchelewa kidogo kwa video na gemu kwenye njia hii si ugonjwa. Ni tabia ya kuzaliwa nayo, na asiyeipenda anahitaji doki ya aina nyingine.

Thunderbolt ina kisa chake cha ruhusa. Kwa kuwa inafungua njia hadi ndani kabisa ya kompyuta, laptopu nyingi za Thunderbolt 3 hutaka mwenye mashine aidhinishe doki mara ya kwanza inapochomekwa, kupitia programu ya Thunderbolt ya Intel. Ulinzi huo hauzuii picha. Unazuia mawasiliano mengine. Matokeo yake ni kinyume cha yale ya kebo ya simu: monita zinawaka vizuri, lakini intaneti ya waya na mara nyingi kibodi na kipanya vimekufa. Anayeona hivyo asihangaike na draiva ya michoro. Aidhinishe doki, au akague kiwango cha usalama wa Thunderbolt katika BIOS.

Chini ya madraiva yote kuna programu inayokaa ndani ya chipu zenyewe: katika doki, katika kidhibiti cha Thunderbolt, na katika BIOS ya laptopu. Hiyo nayo husasishwa, na makosa yake hujivika sura ya draiva. Lenovo iliwahi kuwatahadharisha wamiliki wa ThinkPad kadhaa zilizotengenezwa kati ya 2017 na 2019 kwamba programu ya ndani ya kidhibiti chao cha Thunderbolt ilikuwa na kasoro inayoweza kuua tundu la USB-C na hata kuzuia picha ya HDMI, na ikatoa sasisho. Aliyefuta na kusakinisha draiva ya Intel mara kumi kwenye mashine hiyo hakupata kitu. Kwa kawaida huanzwa na BIOS, ikafuata Thunderbolt kama ipo, halafu doki na draiva ya michoro. Sasisho la doki linaweza kuchukua dakika kadhaa, na katika muda huo kebo haichomolewi. Umeme ukikatika katikati, doki inaweza kubaki gofu, kwa hiyo penye mgao wa umeme kazi hii hufanywa kwenye UPS, yaani betri ya akiba.

Usingizi wa kompyuta huleta lalamiko la kila Jumatatu asubuhi: laptopu inaamka, monita haziamki. Kila monita hubeba maelezo mafupi yanayoiambia kompyuta ukubwa na uwezo wake, na maelezo hayo lazima yasomwe upya muunganisho unaporudi. Monita iliyo katika usingizi mzito huchelewa kujibu, doki hukata tamaa, na kadi ya michoro huamini kwamba hakuna monita. Kuchomoa kebo ya doki na kuirudisha hutibu kwa siku hiyo. Tiba ya kudumu hupatikana katika sasisho la doki, au katika menyu ya monita yenyewe, kwa kuzima usingizi mzito na kuacha monita itafute tundu moja tu badala ya kuzunguka matundu yote. Maelezo hayo yakisomwa nusu, monita kubwa hujikuta ikionyesha nukta 1024 kwa 768, maandishi yakiwa yamevimba. Hapo kebo ya monita hubadilishwa kwanza.

Kwenye Linux, njia ya moja kwa moja hufanya kazi bila kuongeza kitu kwa kadi za Intel na AMD, kwa sababu draiva zake zimo ndani ya kiini cha mfumo. DisplayLink ndiyo yenye usumbufu: moduli yake iitwayo evdi lazima ijengwe upya kila kiini kinaposasishwa, na kompyuta yenye ulinzi wa Secure Boot huikataa kimyakimya ikiwa haijatiwa sahihi. Amri ya dmesg huonyesha kama imekataliwa. Sasisho za doki nyingi za Dell na Lenovo hupatikana kwa chombo kiitwacho fwupd, bila kuhitaji Windows.

Wenye Mac wana mipaka ya Apple yenyewe. Mfumo wa macOS hautumii MST kutandaza kazi kwenye monita mbili, hivyo doki ya USB-C inayotoa picha mbili tofauti kwenye Windows hutoa picha moja iliyorudiwa kwenye Mac. MacBook Air ya chipu ya M1, ya mwaka 2020, huhudumia monita moja tu ya nje, na doki ya Thunderbolt ya bei kubwa haiongezi ya pili. DisplayLink ndiyo inayopita pembeni ya mpaka huo, kwa sharti kwamba programu yake ipewe ruhusa ya kurekodi skrini katika mipangilio ya faragha. Ruhusa hiyo ikikosekana monita hubaki nyeusi, na ikitolewa, baadhi ya huduma za filamu hukataa kuonyesha video kwa kudhani zinarekodiwa.

Baki la mwisho ni ubovu wa kifaa chenyewe. Doki inayoshindwa kwa laptopu mbili tofauti zenye madraiva mazima, kwa kebo inayojulikana kuwa nzima, ni mbovu, au inalishwa umeme pungufu. Hili la pili huwapata sana wanaonunua doki zilizotumika, zinazouzwa bila adapta yake ya asili. Doki kubwa huja na adapta ya wati 90, 130 au zaidi. Ikipewa ya wati chache huwaka, huchaji kidogo, na huangusha monita kila mzigo unapopanda. Kabla ya kulipa, muuzaji huombwa adapta yenye wati zilizoandikwa chini ya doki, na monita mbili huwashwa kwa pamoja palepale kaunta huku laptopu ikichaji.